Nesi na Maziwa ya Mama

Ndugu zangu wa Muheza, Tanga, Dar na kokote mlikotawanyika. Najua nimekuwa kimya. Mama Mdogo keshanitumia ujumbe mara mbili akiuliza kama bado ninaishi. Naishi, Mama Mdogo. Ni zamu za usiku tu ndizo zinazonimaliza.

Leo sina habari za baridi wala za bei ya ndizi za kupika. Nina kisa cha neno moja.

Wodini kwetu alilazwa bibi mmoja wa Kiingereza, umri wake miaka 90 na ushei. Jina sitalitaja, kazi yangu hainiruhusu. Usiku mmoja alikosa usingizi, na mimi nilikuwa nimemaliza kugawa dawa, basi akanishika mkono akaanza kunisimulia utoto wake. Akasema nesi wake alikuwa akimwimbia kila jioni kabla hajalala, na kwamba akimwogesha alimsugua masikio kwa kitambaa mpaka analia. Nikamwonea huruma sana. Nikajiuliza, huyu mtoto alikuwa anaumwa nini mpaka akae na nesi miaka yote hiyo? Kifua kikuu? Polio? Nikamuuliza. Bibi akanitazama, halafu akacheka mpaka ile mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kupiga kelele na mwenzangu akaja mbio.

Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa mtoto wa watu wenye mali. Huyo nesi aliyekuwa akimsema alikuwa yaya.

Hapo nikamkumbuka Mjomba. Mnakumbuka ile siku ya kuniaga, mwaka 2017, Mjomba aliposimama mbele ya watu wote na kuuliza: yaani umesoma digrii miaka minne ukawe yaya wa wazee wa Kizungu? Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma, na nikamjibu kwa kiburi kidogo kwamba uuguzi ni taaluma. Sasa Mjomba, leo nakuletea jibu refu. Nimesoma na kusoma tangu usiku ule, na sehemu ya jibu lenyewe ni kwamba hukukosea sana.

Neno "nurse" Waingereza waliletewa. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wote wa nchi wakawa wanazungumza Kifaransa. Maneno yakamwagika. Sisi wenyewe tunayajua mambo hayo, hakimu na wakili wetu tumewapata kwa Waarabu. Katika Kifaransa cha zamani kulikuwa na neno "nurice", lililotoka Kilatini, "nutrix", maana yake mwanamke anyonyeshaye. Mzizi wake ni kitenzi "nutrire": kunyonyesha, kulisha, kulea. Mzizi huo huo ndio uliozaa neno la Kiingereza la lishe, "nutrition", na lile la malezi, "nurture". Mliosoma nami chuoni mnakumbuka jinsi somo la lishe lilivyotutoa jasho. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba somo lile ni ndugu wa tumbo moja na jina la kazi yetu!

Katika maandishi ya Kiingereza neno hili linaanza kuonekana karibu mwaka 1200, likiandikwa "nurice" au "norice". Nesi wa wakati huo ni mwanamke anayelipwa kumnyonyesha mtoto wa mwenzake. Hospitali hamna, sindano hamna, mgonjwa hayumo kabisa ndani ya neno. Ni titi tu. Wafaransa wenyewe mpaka leo wamelibakiza neno lao huko huko kwenye watoto: "nourrice" ni mlezi wa mtoto, na anayehudumia wagonjwa wanamwita "infirmière", jina linalotokana na udhaifu wa mgonjwa. Waulizeni ndugu zetu wa Kongo, watawaambia.

Wanawake wa matajiri wa Ulaya wengi walikuwa hawanyonyeshi. Mtoto akizaliwa anatafutiwa mwanamke maskini mwenye maziwa, ama anakuja kuishi nyumbani kwao au mtoto anapelekwa kijijini kwake. Na yule mwanamke mwenye maziwa, jamani, si alikuwa na mtoto wake? Ndiyo maana ana maziwa. Mwanawe ama amekufa, ama ameachwa anywe uji. Hilo vitabu vingi vinalipita haraka. Watu waliamini pia kwamba mtoto hunyonya na tabia, hivyo nesi alichunguzwa kama ng'ombe mnadani: mpole? mlevi? ana hasira? Kwetu Pwani majirani zetu Waislamu wanalo la heshima zaidi, kwamba waliomnyonya mama mmoja wamekuwa ndugu na hawaoani. Huku maziwa yalilipiwa, na mwisho wa mkataba mama wa maziwa akaenda zake.

Shakespeare aliliona hili. Katika tamthilia yake ya Romeo and Juliet, aliyoiandika miaka ya 1590, yumo nesi, mama mmoja mwenye maneno mengi, anachekesha. Lakini msikilizeni vizuri. Alikuwa na binti yake, Susan, rika moja na Juliet. Susan alikufa, yeye akamnyonyesha Juliet. Anasimulia hata jinsi alivyomwachisha ziwa, kwa kupaka mmea mchungu kwenye chuchu. Mama, si ndivyo ulivyomfanyia mdogo wangu kwa shubiri? Nilicheka peke yangu kwenye basi niliposoma hapo.

Baadaye neno likaanza kutanuka. Wapo manesi walionyonyesha, na wapo waliolea tu bila kunyonyesha, kwa hiyo ikabidi Waingereza watofautishe. Wakasema "wet nurse" na "dry nurse", yaani nesi aliyelowa na nesi mkavu, kama wanazungumzia samaki sokoni. Chumba cha watoto kikaitwa "nursery", ndiyo hiyo nasari mnayowapeleka watoto asubuhi, na kitalu cha miche nacho kikaitwa hivyo hivyo. Hata kinyongo Kiingereza kinakinyonyesha: mtu akikaa na kinyongo moyoni miaka na miaka, wanatumia kitenzi hiki hiki. Sisi tunasema anakifuga. Nadhani sisi tumepatia zaidi, maana mnyama wa kufugwa mwisho wake huliwa.

Mwishoni mwa karne ya 16 ndipo mgonjwa anaingia katika neno. Maana mpya ikatokea kando ya ile ya zamani: nesi ni mtu anayemtunza anayeumwa. Mimi naona si ajabu. Yule mwanamke aliyekulea, siku ukishikwa na homa, nani atakaa kitandani pako kukupa maji? Ni huyo huyo. Mtoto mchanga na mgonjwa wote wanahitaji kulishwa, kuogeshwa, kugeuzwa, kubadilishwa nguo. Kazi haikubadilika, umri wa mtoto ndio uliobadilika.

Kwenye hospitali kubwa mambo yalikuwa na historia yake. Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo hapa London ilianzishwa mwaka 1123 ikiwa ya watawa, na waliohudumia wagonjwa walikuwa mabruda na masista. Mfalme Henry VIII akagombana na Papa, na kati ya mwaka 1536 na 1540 akazifunga nyumba za watawa zote. Hospitali ile ilinusurika, ikapewa uongozi mpya usio wa kitawa. Watawa waliondoka lakini jina lao likabaki! Mpaka leo mkuu wa wodi akiwa mwanamke anaitwa "sister", hata kama ana mume na watoto wanne na hajaingia kanisani tangu abatizwe. Juu yake alikuwepo metroni, neno la Kilatini tena, lenye "mama" ndani yake. Sisi kwetu tuliletewa yote kwa pamoja, masista watawa na masista wa hospitali. Wazee wa Muheza wanawakumbuka masista wa Kianglikana wa Magila, wa lile shirika alilolianzisha Askofu Frank Weston huko Zanzibar mwaka 1911. Bibi yetu akiniita "sista" alikuwa haulizi ni sista wa aina gani.

Kwa muda mrefu nesi wa hospitali na nesi wa kukodiwa nyumbani hakuwa na heshima yoyote. Alikuwa mfagiaji, mfuaji na mkesha kwa pamoja. Kati ya mwaka 1843 na 1844 mwandishi Charles Dickens akatoa riwaya ya Martin Chuzzlewit, na humo akamweka nesi mmoja mnene, Bi Gamp, anayekunywa pombe akiwa zamuni na kutembea na mwavuli wake mkubwa. Watu walimpenda mpaka mwavuli ukaitwa "gamp" katika Kiingereza cha mitaani. Jina la kazi yangu likawa kichekesho. Lakini hebu fikirini, mjane asiye na elimu, analipwa senti, anakesha na maiti na wazazi na wagonjwa wa kipindupindu, nani hatakunywa? Dickens alichekesha kweli, ila mimi nikimsoma Bi Gamp nacheka nusu.

Miaka kumi baadaye akaja Florence Nightingale. Yeye mnamjua, picha yake na taa ilikuwa ukutani chuoni kwetu. Binti wa tajiri, mwaka 1854 alikwenda na wanawake 38 kwenye hospitali ya jeshi huko Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea. Mary Seacole yeye hatukufundishwa. Huyu alikuwa mama kutoka Jamaika, mweusi nusu, mwenye utaalamu wa dawa aliorithi kwa mama yake. Aliomba kwenda na manesi wa serikali, akakataliwa, akajilipia nauli yake akaenda kufungua nyumba ya kulisha na kutibu askari karibu na Balaclava. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2016 kwenye uwanja wa hospitali ya Mtakatifu Thomas, ikitazamana na Bunge ng'ambo ya mto. Nilikwenda kuiona siku yangu ya mapumziko. Ni mama aliyenyanyua hatua, anatembea kwa haraka, kama aliyechelewa zamu.

Turudi kwenye neno. Nightingale aliandika kitabu kuhusu uuguzi mwaka 1859, na mwanzoni kabisa analalamika juu ya neno lenyewe. Anasema analitumia kwa kukosa lililo bora, kwa sababu watu wamelipunguza likawa kutoa dawa na kubandika dawa za kukanda tu. Yeye anataka libebe hewa safi, mwanga, joto, usafi, utulivu na chakula. Chakula! Baada ya miaka zaidi ya 600 analirudisha pale lilipoanzia bila kusema hivyo. Na kitabu kile hakukiandikia wenye vyeti. Aliwaandikia wanawake wa kawaida majumbani, kwa sababu, alisema, karibu kila mwanamke siku moja hujikuta ana mtu mikononi mwake.

Mwaka uliofuata, 1860, akaanzisha shule ya manesi Mtakatifu Thomas, na hapo ndipo neno likapasuka vipande viwili. Kuna nesi aliyefunzwa, na kuna mwanamke anayeuguza nyumbani. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alipinga serikali kuwasajili manesi, akihofu mtihani hauwezi kupima moyo wa mtu. Aliyeshikilia usajili alikuwa Ethel Bedford Fenwick, aliyepata kuwa metroni wa Bartholomayo akiwa na umri wa miaka 24 tu. Alipigana miaka zaidi ya 30. Sheria ikapita mwaka 1919, daftari likafunguliwa mwaka 1921, na jina la kwanza ndani ya daftari ni lake, namba 1. (Namba yangu mimi ina tarakimu nyingi sana, msiulize.)

Wanaume waliwekwa sehemu yao ya pembeni katika daftari hilo mpaka mwaka 1949, na chama kikubwa cha manesi hakikuwakubali mpaka mwaka 1960. Neno lilikuwa bado lina titi ndani yake, nadhani. Tuna kaka mmoja Mkenya wodini, nesi hodari kuliko sisi wote. Wazee wanamwita "daktari" kutwa nzima, na daktari wetu binti wanamwambia "nesi, niletee chai". Wote wawili wamechoka kusahihisha.

Kuna jingine linaloniuma zaidi, nililolisikia kwa mama mmoja mstaafu kutoka Barbados ninayesali naye. Huduma ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948, Uingereza iliwaita mabinti wa makoloni waje kusomea unesi. Wakaja. Lakini kulikuwa na madaraja mawili, la juu la miaka mitatu na la chini la miaka miwili, na mabinti wengi weusi waliingizwa lile la chini bila kuelezwa tofauti. Kote wanaitwa nesi, sare karibu zinafanana. Waliporudi kwao ndipo walipoambiwa kwamba cheti hicho hakitambuliki. Mama huyu alilia miaka 50 baadaye akinisimulia, chai yake ikapoa mezani. Neno ni lile lile, lakini mmoja amepewa lote na mwingine kipande.

Nanyi mtashangaa: hapa Uingereza sheria hailindi neno "nurse" likiwa peke yake. Kinacholindwa ni "nesi aliyesajiliwa". Msaidizi wa daktari wa meno ni nesi, wa mifugo ni nesi, na kwenye shule za watoto wadogo kuna kazi kabisa inayoitwa "nursery nurse", ambayo ni yule yule yaya wa bibi yangu wa wodini. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba italeta sheria ya kulilinda neno. Wenzangu walifurahi, na mimi nilifurahi. Wapo watu waliojiita manesi wakadanganya wagonjwa, hilo si jambo la mchezo.

Lakini nilipokuwa nafurahi nikawaza jambo, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika leo.

Sisi tuna "nesi" la kuazima, na tuna letu, muuguzi. Muuguzi anatoka kwenye kuuguza, na kuuguza kunatoka kwenye kuugua. Neno letu halikuanza na mshahara, wala na titi, limeanza na mgonjwa mwenyewe. Na nyumbani hatuna haja ya cheti ili kulitumia. Mtu akiulizwa kwa nini haonekani shambani, anajibu, namuuguza baba.

Mwaka 2022 Mama alipoanguka na kuvunjika nyonga, mimi nilikuwa hapa, nina digrii, nina namba ya usajili, nageuza wazee wa watu kila saa mbili wasipate vidonda vya mgongo. Nilituma pesa. Nilipiga simu kila siku, naelekeza kama bosi: mgeuze, mpake mafuta, mkague visigino. Aliyekuwa anamgeuza ni mdogo wangu. Alifunga genge lake la mboga miezi minne. Alimlisha Mama kwa kijiko, alimwogesha, alilala sakafuni kando ya kitanda. Hakupata kidonda hata kimoja, na mimi nawaambia kitaalamu kwamba hilo ni gumu, hata wodini kwetu lenye vitanda vya umeme. Majirani walipokuwa wanauliza nani anamuuguza mama yenu, hakuna aliyetaja jina langu. Na walikuwa sahihi. Halafu mtaani wakipita wanasema, ile ni familia ya nesi, yuko Ulaya.

Mdogo wangu, sijawahi kukuambia hivi kwenye simu, maana kwenye simu sisi tunataniana tu.

Yule bibi wa wodini aliruhusiwa kurudi nyumbani wiki iliyopita. Kabla hajaondoka nilimuuliza jina la nesi wake. Akafikiri muda mrefu. Akasema hakuwahi kulijua, nyumba nzima walimwita Nurse tu, na alipofikisha miaka saba akaamka asubuhi akamkuta ameshaondoka.

Haya, naingia kazini saa moja na nusu. Mjomba najua hasomi mwenyewe, anasomewa na binamu. Binamu, ukifika pale kwenye yaya usiruke, msomee yote. Pesa ya mabati ya genge nimetuma Ijumaa, mdogo wangu nijulishe ikifika. Mama, nitapiga Jumapili baada ya ibada.